Mweka Hazina wa Manfuha

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Siku kubwa! Leo nimeingia siasa.

Tulikutana mtaani Manfuha kama kila Ijumaa, chumbani kwa Danson, fundi wa viyoyozi na mwenyekiti wa Umoja wetu. Watu kumi na wawili kwenye mkeka, wengine wote wakisikiliza kwa simu. Danson akatangaza kwamba Absalom, mweka hazina, amemaliza mkataba na kurudi Bungoma. Kura Ijumaa ijayo. Akauliza nani anautaka uweka hazina. Kila mtu akatazama chai yake.

Nikasimama! Sikuwa nimepanga. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema mimi, Elphas, dereva wa nyumba hapa Riyadh kwa miaka sita, sijawahi kugonga gari lolote (lile lilikuwa geti), niko tayari kulinda jasho la Wakenya arobaini na saba. Arobaini na saba! Idadi ile ile ya kaunti zetu. Niliwakumbusha. Walipiga makofi. Wawili tu, lakini kwa nguvu.

Kisha Risper akainua mkono. Risper husafisha shule moja ya watoto, ana daftari lenye jalada la plastiki na hajawahi kuchelewa mahali popote. Akasema na yeye anataka. Hakueleza sababu. Hakusimama hata.

Mwanamke hatari.

Jumapili, 9 Novemba

Nimegundua siri ya uchaguzi huu. Kati ya wanachama arobaini na saba, thelathini na moja ni akina dada wa kazi za majumbani. Hawatoki. Wanapiga kura kwa ujumbe wa sauti. Risper hawezi kuwafikia ila kwa simu. Lakini mimi nampeleka madam, mke wa mwajiri wangu, madukani kila jioni! Na madam wote wa Riyadh huenda madukani na akina dada wao. Na akina dada huketi na watoto pale kwenye viti, karibu na mlango.

Leo nilimpata Pauline, anayefanya kazi mtaa wa pili kutoka kwetu. Nikamnunulia shawarma. Nikamweleza sera zangu. Moja: uwazi. Mbili: heshima. Tatu: pilau katika kila mkutano. Akasema yeye hatoki, pilau ataionjea wapi? Swali gumu. Nikamwambia kamati itaundwa kulishughulikia.

Aliimaliza shawarma yote. Kura hiyo niko nayo.

Ijumaa, 14 Novemba

USHINDI!

Acha niandike kwa utaratibu.

Saa tisa Danson aliweka simu katikati ya mkeka na kura zikaanza kuingia. Nyingine zilinong'onwa jikoni. Moja ilipigwa mashine ya kufyonza vumbi ikiwa inanguruma, tukairudia mara nne. Tukafika ishirini na tatu kwa ishirini na tatu! Imebaki kura moja tu, ya Pauline. Chumba kizima kikaacha kutafuna.

Ujumbe wake ukaingia: "Mimi Pauline nampigia..." Kisha sauti ya madam wake ikaita, kitu kikaanguka, kikavunjika, ujumbe ukakatika. Tulimpigia simu. Imezimwa.

Hapo ndipo nilipoonyesha kipaji. Nilisimama nikahutubu kwa nusu saa. Nikaeleza habari ya shawarma. Nikaeleza kwamba mtu hawezi kula shawarma nzima ya mgombea halafu ampigie mwingine, tumbo lenyewe lingekataa. Danson alikuwa na kiyoyozi cha kutengeneza kabla ya magharibi. Mwishowe akasema halas, basi, apewe.

Risper akanipa mkono. Akasema hazina hii si kubwa lakini kila riyali ina mwenyewe. Nikamwambia asante kwa ushauri, mheshimiwa mpinzani.

Baadaye Pauline akatuma ujumbe kuwa alitaka kumpigia Risper. Nimemjibu kwa upole kwamba tume imeshafunga kazi.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku yangu ya kwanza ofisini. Ofisi ni chumba changu kando ya geti la baba, mwajiri wangu, lakini nimegeuza kitanda kielekee mlango. Inaleta picha nyingine kabisa.

Umoja hauna akaunti yake, hivyo fedha zote zimehamishiwa kwenye akaunti yangu. Riyali elfu mbili na mia tisa! Michango ya watu, ishirini ishirini kila mwezi, ya kumsaidia mwenzetu akiugua, akifiwa, au akikwama huku bila tiketi. Nilitazama nambari hiyo kwenye simu hadi skrini ikazima yenyewe.

Usalama kwanza. Nimebadilisha namba ya siri ya benki. Nimechagua tarakimu ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzikisia. Kadi ya benki nimeifunga kwa nailoni nikaificha mahali ambapo hata mimi ilinichukua dakika kumi kupafikia.

Nimeandika jina jipya kwenye WhatsApp: Mhe. Elphas, Fedha.

Jumatatu, 17 Novemba

Kazi imekuja! Kazi ya kweli!

Gilbert amepiga simu kutoka Jeddah. Yeye ni mlinzi wa jengo kule Ruwais na ndiye anayesimamia wanachama wetu wa huko. Anasema Jerusha amekwama. Jerusha amefanya kazi katika nyumba moja miaka minne. Mkataba umeisha, kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, amemtolea viza ya kuondoka, lakini tiketi aliyoahidi kila siku ni bukra, bukra, kesho, kesho. Sasa amemwambia ajitafutie. Viza inakufa Jumamosi usiku. Asipokuwa ndani ya ndege kufikia hapo, ni faini na kuanza karatasi upya, na huyo kafili hapokei tena simu. Amejibanza chumbani kwa marafiki, Al-Baghdadiyah.

Umoja mzima ukakubali: anunuliwe tiketi. Ya Jumamosi alasiri ipo, riyali elfu moja mia moja na hamsini. Risper akaandika palepale nitume fedha leo, bei inapanda kila siku.

Tuma leo! Kama mtu anayenunua vocha! Hapana. Huyu ni binadamu, na huu ni mradi wangu wa kwanza. Na sikilizeni bahati: baba ana harusi ya ndugu yake Jeddah Ijumaa. Tunaondoka Alhamisi, mimi ndiye dereva! Nitampelekea Jerusha msaada kwa mkono wangu. Ana kwa ana. Kwa picha.

Nimewaandikia kwamba ofisi ya fedha inalishughulikia. Risper ameuliza linashughulikiwa vipi. Sijajibu. Waziri hajibu kila kitu.

Jumatano, 19 Novemba

Nilimwambia madam nakwenda kutia upepo matairi, nikaenda mtaa wa Batha kwa mchapishaji mmoja wa Kibangladeshi. Nimetengenezewa hundi ya kadibodi. Mita moja na nusu! Kama zile wanazopewa washindi kwenye televisheni. Imeandikwa LIPA JERUSHA, chini yake kiasi, chini yake jina langu, na pembeni picha yangu nikiwa na tai. Tai ni ya mchapishaji.

Gharama nimelipa mwenyewe, mfukoni mwangu. Liandikwe hilo.

Tatizo moja dogo: jina langu limetoka kubwa kuliko la Jerusha. Mchapishaji alisema kulipunguza ni bei nyingine. Nikaacha.

Risper amenipigia mara tatu. Bei ya tiketi imefika elfu moja mia tatu na themanini, anasema. Nimemwambia atulie.

Alhamisi, 20 Novemba

Kilomita karibu elfu moja. Baba mbele, madam nyuma na maua ya harusi, hundi juu ya paa chini ya masanduku, imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Ilianza kupigapiga tulipoiacha Riyadh. Nikaongeza sauti ya redio. Madam akaongeza sauti ya kulalamika. Karibu na Taif baba akasema simama, akashuka, akalitazama paa. Akaisoma hundi kwa muda mrefu.

Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha polepole, kile anachonitengea mimi, kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia mimi ni mweka hazina. Akauliza wa nani. Nikasema wa watu arobaini na saba. Akacheka mpaka akaegemea gari. Akanipiga picha na hundi yangu, barabarani, mbele ya mbuzi.

Picha ya kwanza ya uongozi wangu. Nimependeza sana.

Ijumaa, 21 Novemba

Niandike haraka. Mambo si mazuri.

Asubuhi niliishusha familia kwenye nyumba waliyokodi karibu na bahari, nikapata ruhusa ya saa mbili, nikaenda Al-Baghdadiyah na hundi begani. Gilbert alinipokea chini. Aliishika hundi upande wa pili tukapanda nayo ngazi, tukaigonga kila kona.

Jerusha alikuwa ameketi juu ya sanduku lake. Limefungwa tangu Jumatatu, Gilbert alinieleza baadaye. Hajalifungua hata kutoa kanga. Akasimama, akanipa mkono kwa mikono yote miwili, akaniita ndugu mheshimiwa. Akanimiminia chai. Akaniambia kitinda mimba wake alimwacha akinyonya. Sasa ana miaka mitano, na humwita Mama wa Simu.

Nikatoa simu kununua tiketi mbele yao. Gilbert tayari kupiga picha. Nikaingiza namba ya siri.

Si hiyo.

Nikajaribu mwaka niliozaliwa uliogeuzwa. Si huo. Nikakumbuka! Namba ya gari la baba! Kwa uhakika kabisa nikabonyeza.

Imefungwa. Benki inasema niende tawini, au nifungulie kwenye mashine kwa kadi. Matawi yamefungwa hadi Jumapili. Na kadi iko Riyadh, ndani ya nailoni, ndani ya tangi la maji la juu ya paa la baba.

Nilisikia kijiko cha Gilbert kikisimama ndani ya kikombe.

Jerusha hakunitukana. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ndugu, nifungue sanduku?"

Nikamwambia asilifungue! Nikakimbia kwa baba. Nilimkuta anavaa vazi la harusi. Nikamwomba anikopeshe, akate kwenye mshahara, miezi miwili, mitatu, yoyote. Akatoa simu akamwonyesha ndugu yake picha yangu na mbuzi. "Mtu mwenye hundi kubwa hivi anaomba mkopo?" Wakacheka wote wawili. Nilieleza tena. Akanipiga bega, akasema bukra, Elphas, leo ni harusi.

Bukra. Neno lile lile.

Nilikaa ndani ya gari, kwenye jua, bila kuwasha kiyoyozi. Simu ikalia. Risper. Nilitaka kuiacha ilie. Nikapokea.

"Fedha zimekwama?" akauliza.

Nikasema zimekwama.

"Kwa siku ngapi?"

Nikasema hadi Jumapili. Nikajiandaa. Nilikuwa na majibu yote tayari, ya benki, ya mtandao, ya serikali.

"Sawa," akasema, na akakata.

Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha kundi letu la WhatsApp likaanza kuungua.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya ajabu! Siku ya ajabu kuliko zote!

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Jana baada ya kukata simu, Risper alituma ujumbe mmoja wa sauti, sekunde ishirini. Akasema Jerusha anaondoka kesho, hazina imefungwa, kila mwenye chochote amtumie Gilbert sasa, na Umoja utarudisha fedha zikifunguliwa. Basi. Hakunitaja.

Wakaanza. Riyali thelathini. Hamsini. Kumi na tano. Mmoja alituma saba akaomba msamaha. Wengine hawana app ya benki, wakawaomba madereva wa nyumba zao wawatumie. Pauline alituma mia moja, na nyuma ya ujumbe wake wa sauti tulisikia madam wake akiuliza anaongea na nani, naye akajibu anasali. Tiketi ilikuwa imefika elfu moja mia sita na ishirini. Zikapungua mia mbili na arobaini. Gilbert akaziongeza mwenyewe. Zilikuwa za simu mpya, alikuwa ameziweka tangu Julai.

Kabla ya alasiri ya jana tiketi ilikuwa mkononi. Mimi bado nilikuwa kwenye gari lile lile.

Leo baba akanituma uwanja wa ndege kumpokea mjomba wake. Bahati gani hii! Nikaichukua hundi.

Niliwakuta Jerusha na Gilbert kwenye foleni ya mizigo. Sanduku lilikuwa sawa, lakini katoni ya sufuria na mablanketi ilikuwa imepasuka chini, na yule wa mizani alisema haipokelewi hivyo. Jerusha akanitazama. Akaitazama hundi. Akauliza kwa adabu kabisa kama bado nina kazi nayo.

Gilbert akaazima kisu cha mfunga mizigo. Wakaikata vipande vinne. Kipande cha chini ya sufuria ni kile chenye picha yangu. Jina langu limezunguka kuta za katoni, herufi kubwa zile zile, gundi kila upande. Ikapita! Mizani ikasema sawa!

Jina langu limepanda ndege. Limekwenda Nairobi. Ni wanasiasa wangapi wanaweza kusema hivyo?

Aliponiaga alinishika mkono kama siku ya kwanza. Akasema, "Ndugu, ulikuja mwenyewe. Wengine wangepiga simu tu." Sijui alikuwa ananisifu au vipi. Nilimpungia mkono hadi akapotea kwenye umati.

Mjomba alingoja dakika hamsini. Baba amekata mshahara wa siku moja. Haki yake.

Ijumaa, 28 Novemba

Mkutano Manfuha. Nilivaa suti.

Kwanza Danson alitusikilizisha ujumbe wa Jerusha. Amefika. Mtoto alijificha nyuma ya mlango siku nzima ya kwanza. Siku ya pili akaja, akamgusa shavu, akamuuliza ametokaje ndani ya simu. Kisha kwenye ujumbe tukamsikia mtoto mwenyewe akicheka, na Jerusha akijaribu kuongea na kushindwa. Watu kumi na wawili kwenye mkeka, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Risper alikuwa anaandika kitu kwenye daftari lake, lakini kalamu haikuwa inatembea.

Halafu wakanipigia kura ya kutokuwa na imani.

Mleta hoja: Pauline, kwa sauti, ujumbe mzima safari hii, haukukatika popote. Tuko arobaini na sita sasa. Kura arobaini na tano zikasema niondoke. Moja ikasema nibaki. Niliipiga kwa kusimama.

Nimemkabidhi Risper kila kitu. Hata hivyo benki ilishaifungua akaunti Jumatatu, baada ya mimi kupanda paani na kuzamisha mkono ndani ya tangi hadi kwapani. Aliyetuma saba amerudishiwa saba. Gilbert amerudishiwa zake. Hakuna riyali iliyopotea! Nilitaka hilo lisomwe mbele ya mkutano. Risper alilisoma. Akaongeza kwamba kama zingetumwa Jumatatu ile, Umoja ungekuwa na mia nne na sabini zaidi. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesoma saa.

Nikakaa chini.

Jumamosi, 29 Novemba

Sikulala kwa furaha! Sasa naona kila kitu wazi.

Umoja ulikuwa mdogo mno kwangu. Kura arobaini na tano za kunitoa! Nilichaguliwa na ishirini na nne tu. Maana yake katika wiki mbili idadi ya watu wanaonifikiria imekaribia maradufu. Hiyo ni rekodi ya ukuaji. Mgombea yeyote angeilipia.

Uchaguzi mkuu nyumbani ni Agosti 2027. Nagombea uwakilishi wa wadi yetu kule Vihiga. Wasifu wangu nimeshauandika: mtaalamu wa fedha za kimataifa, Riyadh na Jeddah. Mstaafu. Nimemtumia kaka yangu autawanye sokoni. Amejibu kwa kicheko kirefu, nadhani ni cha msisimko.

Nimemwandikia pia Risper nikamwomba asimamie fedha za kampeni. Amesoma. Bado anaandika jibu. Anaandika, anaacha, anaandika.

Ahadi yangu ya kwanza kwa wananchi nimeipata asubuhi hii nikiosha gari. Basari za wanafunzi. Viongozi wengine huzituma moja kwa moja kwa shule, watoto hata hawajui nani kawasomesha. Ovyo kabisa! Mimi nitazipeleka mwenyewe, mtoto kwa mtoto, nyumba kwa nyumba, wadi nzima.

Kwa helikopta.